Koti la Alhamisi

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Arobaini ya Mabruka ilikuwa Ijumaa, na pale mjini Ain Sfaya hakuna asiyejua kwamba nguo za marehemu hutoka nyumbani kabla ya arobaini. Anapewa mtu mwenye shida, azivae, na joto likimwingia aseme, "Mungu amrehemu mwenye nguo hii." Zikikawia kabatini, ni kama umemnyima marehemu dua zake.

Tijani, mumewe, alikuwa ameahirisha siku thelathini na nane. Kila siku alikuwa na wa kumlaumu. Leo basi la serikali halikupita, kesho mvua imejaza barabara ambayo wakubwa walikula pesa zake, keshokutwa yuko kwenye foleni ya gesi ambayo omda, mkuu wa mtaa, aliwagawia kwanza shemeji zake. Siku hiyo ya Jumatano binti yake, Rafika, akapiga simu kutoka Tunis.

"Baba, nguo za mama zimetoka?"

"Zitatoka."

"Lini? Au unamngoja omda aje akubebee?"

"Omda gani? Hata jeneza la mama yako hakuligusa, ataliweza furushi?"

"Baba, muache omda. Toa nguo."

Basi akafungua kabati. Alizisomba nguo za mkewe bila kuzitazama, uso kaugeuzia dirishani, akazishindilia kwenye mfuko wa plastiki ule wa kubebea shayiri. Halafu akavaa koti lake, maana nje kulikuwa na upepo wa milimani unaopasua midomo. Lilikuwa koti zuri kweli, la sufu nzito, rangi ya tende, na bitana yake ya hariri ilikuwa haijachanika hata uzi mmoja. Akilivaa katika mitaa ile, mtu angedhani ni kadhi anakwenda mahakamani.

Njia ya kwenda duka la hisani hupita mbele ya meza ya Shadli, muuza mitumba. Shadli hufungua robota Alhamisi. Siku hiyo bei huwa juu, na wanaokuja ni walimu na wake za maofisa. Ijumaa bei hushuka kidogo, Jumamosi tena, hivyo hivyo mpaka Jumatano, ambapo kilichobaki huuzwa kwa bei ya kikombe cha chai ili meza iwe tupu robota jipya lifunguliwe.

"Mzee Tijani!" Shadli akapiga kelele. "Leo Jumatano, leo nagawa kama baba yangu amekufa! Njoo uchague!"

"Baki na matambara yako."

"Lo! Na hilo lililo mgongoni ulilipata wapi, kwa mfalme? Si hapa hapa?"

Tijani akaongeza hatua. Subiri Jumatano. Hayo ndiyo maneno aliyomwambia Mabruka miaka ishirini na sita. Mabruka akitaka sketi, subiri Jumatano. Akitaka viatu, subiri Jumatano. Tijani alijiona mjanja kuliko mji mzima, akisimulia mkahawani kwamba wakubwa wametufanya tuvae vilivyovuliwa na Wazungu, basi yeye hatawapa faida hata ya siku moja.

Duka la hisani liko kwenye chumba kilichokuwa cha kukamulia zeituni. Wanawake wa mji wanaliendesha wenyewe. Watu huleta walichonacho, wengine hukinunua kwa bei nyepesi, na kinachopatikana hununua dawa za wale ambao hospitali imewarudisha mikono mitupu. Mezani alikaa Bi Wasila, mshonaji mstaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Mbele yake kulikuwa na marundo matatu: la kuuza, la kugawa bure, na la matambara ya makanika.

"Karibu, Mzee Tijani. Mungu amrehemu Mabruka. Weka hapa nitazame."

"Za nini kutazama? Ni nguo za mwanamke msafi."

"Usafi sina shaka nao." Akavaa miwani. "Lakini natazama za kila mtu, hata za mke wa omda."

Akatoa sketi ya buluu. Akaiinua kwenye mwanga wa mlango, mwanga ukapita katikati yake kama kwenye chujio. Akaiweka kwenye matambara. Akatoa gauni lililotiwa kiraka, na kiraka chenyewe kimetiwa kiraka. Matambara. Shali, matambara. Vazi la ndani la sufu, limeshuka na kuwa kama utando, matambara.

"We mama!" Tijani akaja juu. "Unamfanyia nini mke wangu? Makanika watamfutia mafuta halafu wamwombee dua? Hata hapa mmeingia wakubwa! Mnachagua maskini anayefaa na asiyefaa!"

"Punguza sauti, kaka yangu. Mimi nimempa nani cheo?" Hakukasirika. Aliendelea kushika vazi la mwisho, sweta ya kijivu, akipitisha kidole kwenye viwiko. "Tazama. Kiwiko hiki kimeshonwa mara nne, nyuzi za rangi nne. Mkono wa dhahabu alikuwa nao. Lakini nikimpa mtu hii wakati huu wa baridi, nitakuwa namdhihaki. Hakuna chochote kingine? Alikuwa na koti?"

Tijani akakung'uta mfuko mtupu.

Lilikuwepo koti. La kijani, vifungo vya mbao. Mabruka aliliona Alhamisi moja mwezi wa kumi na moja uliopita, akalijaribu juu ya shali yake pale pale mbele ya meza, akarudi nyumbani macho yanang'aa. "Tijani, limenikaa kama nilipimwa." Yeye akajibu bila kuinua kichwa kwenye bakuli la lablabi, supu yake ya dengu, "Subiri Jumatano." Mabruka akafanya wafanyavyo wanawake wa pale wote: akarudi mezani, akalizika koti chini kabisa ya rundo, chini ya nguo za vichanga, asilione mtu. Kila siku alipita kulipapasa. Ijumaa lipo. Jumamosi lipo. Jumatatu lipo. Jumanne Shadli akalipindua rundo lote kutafuta kofia ya mteja, na koti la kijani likaondoka na mke wa mkaguzi wa shule.

"Limepata mwenyewe," Mabruka alisema akicheka, akachukua sindano na uzi, akashona kiwiko.

Mwezi wa kwanza kifua kikambana. Gesi ilikuwa hakuna, hilo kweli. Hospitalini hewa ya mtungi ilikuwa hakuna, hilo nalo kweli. Tijani alizisimulia kweli hizo mbili mpaka kwenye matanga, na watu wakatikisa vichwa. Ya tatu hakuwahi kumwambia mtu.

"Mzee Tijani?" Bi Wasila akavua miwani. Jicho lake lilitua kwenye sufu ya rangi ya tende. "Na hilo ulilovaa, zuri hivyo, ulilipata Jumatano?"

"Alhamisi," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Mimi... nilikuwa nalinda ghala. Nilihitaji mapema."

Mwanamke aliyekuwa akichagua soksi kwenye kona aliacha kuchagua.

Tijani akafungua vifungo kimoja kimoja. Akalivua koti, akalilaza mezani.

"Weka kwenye la kugawa. Usiliuze. Atakayelichukua mwambie amwombee Mabruka binti Swalih."

"Lilikuwa lake?"

Alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na dua ingefika bila maswali. Akatazama chini. "Hapana. Ningempa tu Alhamisi moja, lingekuwepo lake."

Bi Wasila akalikunja taratibu. Tijani akanyoosha mkono kwenye rundo la makanika, akaitoa sweta ya kijivu, akaivaa. Ilimbana kifuani, mikono ikaishia katikati ya kigasha. Akatoka hivyo hivyo.

Mbele ya mkahawa wenzake wakamwona.

"Ehe! Tijani, nani amekuvua? Serikali?"

"Omda kalipenda koti, nini?"

Walikuwa wanamngojea aanze, wameshageuza viti. Tijani alisimama kidogo, akapita. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani, na aliuhisi ukiingia mahali pawili, penye viwiko, kati ya nyuzi za rangi nne, baridi nyembamba kama ncha ya sindano. Kumbe ulikuwa unamwingia hapa. Akatembea polepole mpaka nyumbani, ili uingie vizuri.