Jina Lililoitwa Mara Kumi na Moja

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kompyuta ya kiwanda cha sabuni ilimwarifu fundi kwamba kuna jina linaitwa mara kumi na moja na mwenyewe hajulikani alipo. Jina lilikuwa _pumzika. Fundi alilinakili kwenye karatasi, akasogeza kikombe cha chai pembeni, akajikuna kichwa kwa kalamu.

Hadi hapo siku ilikuwa imemwendea vizuri. Programu yenyewe ilikuwa kongwe, ya zama za skrini nyeusi na disketi, na ndiyo iliyouendesha mkanda wa kufungia sabuni ghorofa ya chini. Kipande cha sabuni kilikuwa kimepunguzwa unene na mkanda haukuwa na habari, hivyo meneja akamleta fundi aufahamishe. Fundi alizikuta disketi saba ndani ya kopo la rangi, akabadilisha mistari miwili, akaiamuru kompyuta iijenge programu upya. Kompaila, ambayo kazi yake ni kutafsiri maandishi ya binadamu yawe lugha ya mashine, haikuwa na neno. Aliyekuja juu ni kiunganishi. Huyu huvichukua vipande vilivyokwisha kutafsiriwa akavishona pamoja, na hana mzaha hata chembe: kila jina linaloitwa, lazima aonyeshwe mwenyewe alipo.

Kiunganishi kilileta makosa kumi na manne. Matano yaliondoka fundi alipokielekeza ilipo maktaba ya programu, ghala la vipande vilivyoandikwa zamani. Manane yalikwisha alipogundua kwamba vipande vingine vilitafsiriwa kwa kutengewa kumbukumbu ndogo ya kompyuta na vingine kwa kubwa, akavitafsiri vyote upya kwa kubwa. Likabaki hilo moja.

Akatafuta linaitwa wapi. Mtu aliyeiandika programu ile, sasa marehemu, alikuwa mtu nadhifu, na kila alipoliita jina lile aliacha maelezo. Kila baada ya saa mbili, mkanda usimame dakika kumi na tano. Joto likipanda kupita kiasi, usimame. Mtu akianguka, usimame. Fundi alisoma yote kumi na moja, kisha akatazama chini kupitia kioo. Wa nne kutoka mwisho wa mkanda alikuwa mama yake mdogo, ndiye aliyemlea, amesimama tangu saa kumi na mbili alfajiri, viatu vimechanwa ubavuni ili miguu iliyovimba ipate pa kwenda. Miaka tisa alikuwa akifunga sabuni pale, na katika miaka tisa mkanda ulisimama umeme ulipokatika tu. Fundi alikasirika. Asubuhi ile hakutaka kitu kingine duniani ila kumpata huyo Pumzika na kumrudisha kazini.

Akaifungua orodha ya maktaba. Baada ya _pima ilifuata _punguza, na katikati palikuwa na pengo la kutosha jina moja.

Meneja aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. "Vipi, tunamaliza?"

"Kuna mtu hayupo," fundi akasema.

"Aa, huyo! Nilimtoa mimi mwenyewe, siku nyingi. Alikuwa anatuchelewesha. Tukaweka jina tupu mahali pake."

"Jina tupu?"

"Ndiyo. Linafunguka, halifanyi kitu, linajifunga. Limepotea, lakini unaandika jingine. Mistari mitatu, dakika moja tu." Akacheka. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mlinzi wa getini.

"Fundi, huku kuna mgeni wako. Anasema ameitwa."

"Ameitwa na nani?"

"Na wewe. Mara kumi na moja. Anaomba radhi, anasema zile za mwanzo alikuwa anaoga." Mlinzi alishusha pumzi. "Ila siwezi kumwingiza. Karatasi iliyotoka kwenye printa yangu imeandika mstari, halafu Pumzika. Kitambulisho chake hakina mstari. Mimi nasoma nilichoandikiwa."

Fundi alilielewa tatizo papo hapo, maana ni ugonjwa wa siku zote. Kompaila ina tabia ya kulipachika kila jina kikwaruzo kidogo mbele, ndio huo mstari wa mlinzi. Lakini Pumzika alikuwa ameandikwa na marehemu kwa mkono, moja kwa moja katika lugha ya mashine, hakupitia kwa kompaila, basi akazaliwa bila kikwaruzo. Mtu ni yule yule, ila kiunganishi na mlinzi wote wawili hawataki kujua.

"Nakwenda kumpokea mgeni," alimwambia meneja. Akashuka ngazi mbili mbili. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijisemea, na safari hii alimaanisha.

Mgeni alikuwa mtu mnene kiasi, mwenye shati jeupe na visigino laini. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi. Karibu naye lori lilikuwa limezimika lenyewe na dereva amelala juu ya usukani. Feni ya kibandani ilikuwa imesimama ingawa umeme ulikuwepo, na msafara wa sisimizi uliokuwa ukipanda ukutani ulikuwa umeweka mizigo chini. Mlinzi alikuwa amevua kofia.

"Samahani kwa kuchelewa," Pumzika alisema. "Jina langu nalisikia kila siku, ila mlango sikuwa nauona. Leo ndiyo nimeuona."

"Karibu sana. Una kalamu?"

"Sina. Sijawahi kuhitaji."

Fundi alichomoa ya kwake, akakichukua kile kitambulisho na kuchora mstari mbele ya jina, mbele ya macho ya mlinzi.

"Huko ni kughushi," mlinzi alisema kwa upole. "Ningekuzuia, lakini sasa hivi niko mapumzikoni."

Nia ya fundi ilikuwa kumshika mgeni mkono wapande juu mbio. Badala yake alikaa. Hakuamua kukaa, alijikuta tu amekaa, mgongo ukutani, na jua lilikuwa zuri, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze mabega yake yalishuka yakafika mahali pake. Wote wanne walipumzika dakika kumi na tano, bila kuzidi wala kupungua, kama ilivyoandikwa. Kisha lori likawaka, sisimizi wakabeba mizigo, na mlinzi akavaa kofia na kumpitisha mgeni, kwa kuwa sasa majina yalilingana.

Juu, meneja alikuwa amekaa kwenye kiti cha fundi. Skrini iliandika: makosa, hakuna.

"Nilichoka kukusubiri, nikaandika mwenyewe," alisema kwa furaha ya mtu aliyejipikia. "Mistari mitatu. Nimeshapeleka disketi chini, mkanda umeipokea."

"Lakini mwenyewe amekuja! Huyu hapa."

"Karibu sana," meneja alimwambia Pumzika, akampa mkono.

Fundi aliinama juu ya kibodi akamwandikisha mgeni. Kiunganishi kilijibu kwamba jina hilo lina mwenyewe tayari, na wawili hawaruhusiwi. Kiunganishi hakiulizi mtu anafanya kazi gani, kinauliza kama yupo, na lile jina tupu lilikuwepo. Fundi alinyoosha kidole alifute. Meneja alichomoa waya ukutani, akauviringisha vizuri, akautia mfukoni.

"Kompyuta yenyewe imeridhika," alisema. "Wewe usiridhike una nini?"

Fundi alitaka kulia. Angefika mapema kidogo kama asingekaa lile benchi, na kukaa kule kulikuwa kutamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Feni ya dari iliendelea kuzunguka juu ya kichwa cha Pumzika kana kwamba hapana mtu. Nafasi yake ilikuwa imechukuliwa, na bila nafasi alikuwa mtu mnene tu mwenye shati jeupe.

Meneja alimtazama mikono. "Unajua kufunga sabuni?"

"Sijawahi."

"Umesimama tu hapo, na mikono unayo. Vaa aproni."

Wakampanga mkandani karibu na mama mdogo. Mama mdogo alimwonyesha namna ya kukunja karatasi kwa kidole gumba, na namna ya kuuhamisha uzito mguu huu kwenda ule bila msimamizi kuona.

"Unaitwa nani, kaka?"

"Pumzika."

Wanawake wote wa mkandani waliangua kicheko, mpaka mmoja akapitwa na sabuni mbili.

Tabu ilikuwa kwamba neno lile husemwa pale kutwa nzima. Mmoja atasema, "Shoga, miguu inawaka, natamani kupumzika." Mwingine atajibu, "Utapumzika kaburini, funga sabuni." Kila mara Pumzika aligeuka na kuitika, "Naam?" na sabuni tatu zikampita. Kufika saa nane alikuwa na maonyo mawili kwa maandishi. La tatu lilimaanisha kufukuzwa, naye hakuwa na pa kwenda.

Mama mdogo alimwonea huruma. Alipitisha ombi kwa wenzake, sikio kwa sikio, mkanda mzima, kwamba kwa ajili ya mgeni wao neno lile lisitajwe tena kazini. Hakuna aliyekataa, kwa sababu ni watu wema.

Ijumaa fundi alirudi kuchukua vifaa vyake. Alimkuta mama mdogo amesimama, jasho linamtiririka, macho mekundu. Akamwinamia sikioni, "Mama mdogo, nakuomba, leo angalau upum—"

"Shh!" Mama mdogo alimwekea kidole mdomoni na kumwonyesha jirani yake kwa kidevu. "Usimponze mwenzetu."

Pumzika alitabasamu. Alimwambia fundi kwamba hajawahi kufanya kazi na watu wenye huruma kama hawa. Kisha akarudi kwenye sabuni zake, ishirini kwa dakika, mpaka king'ora kilipolia.