Paka Mkeshani

Sanda alikuwa amechoka, na si uchovu ule wa kulala ukaamka mzima. Miaka yote mumewe Marin alipokuwa kitandani amepooza, yeye ndiye aliyemgeuza, akamlisha, akamfulia. Sasa Marin yuko kaburini, arobaini yake inakaribia, na usingizi nao umemsusa mjane kana kwamba kaukosea.

Jumapili hiyo mvua ilishika tangu walipotoka kanisani. Binti yake Ilinca, aliyekuja kutoka Italia anakotunza wazee wa watu, akawasha televisheni mpya aliyowaletea na kusema leo wataangalia sinema ya wanyonya damu, ile ya kutisha hasa, wachangamke kidogo.

"Nyumba ina msiba, wewe unatuletea wafu," Sanda alisema.

"Sinema tu, mama. Bibi mwenyewe amekubali."

Bibi huyo ni Paraschiva, mama mzazi wa Marin. Alikuwa ameshajiweka mbele kabisa, bakuli la mbegu za alizeti mapajani. Mguu wake ulishastaafu zamani, lakini mdomo bado uko kazini.

Kwenye kioo jeneza likafunguka, akatoka bwana mwenye joho jeusi, nywele zimelala kwa mafuta.

"Huyu anakwenda harusini?" bibi aliuliza. "Strigoi gani huyo, mfu mnyonya damu anayechana nywele? Na hilo jumba lote ni lake?"

"Ni mtoto wa kifalme, bibi."

"Basi ndiyo maana. Wa kwetu hana nafasi hiyo. Wa kwetu akitoka kaburini anaanzia zizini, anakausha ng'ombe maziwa, kisha anaingia ndani kwa watu wake. Atahangaika na mgeni kwa lipi?"

Ilinca alicheka mpaka mbegu zikampalia. Sanda hakucheka. Ng'ombe wao alikuwa amepunguza maziwa wiki ile, na alidhani ni yeye tu anayejua, kwa kuwa ndiye anayemkamua.

Sinema ikaendelea. Msichana mmoja akafa, akalazwa mezani, na mtumishi aliyewekwa kumlinda akaanza kusinzia kwenye kiti.

"Mwone, analala," bibi alisema. "Maiti anaachwa hivyo? Paka akipita juu yake je?"

Sanda akaondoa macho kwenye kioo. Usiku wa mkesha wa Marin, majirani walipokwenda jikoni kula, alibaki peke yake na marehemu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuangalia paka asimruke, maana maiti aliyerukwa hatulii kaburini. Kijiji kizima kinajua hivyo, hata padri, ingawa anajifanya hajui. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua, paka alikuwa amejikunja juu ya kifua cha Marin, anakoroma. Alimtoa, akanyamaza.

Atamwambia nani? Akisema, wanaume watakwenda makaburini na majembe, wamfukue Marin, wamchome moyo, mwili uleule alioupangusa kila siku usishike vidonda. Asiposema na Marin akarudi kweli, ataanza na damu yake, yaani Ilinca. Ndiyo maana kila usiku analala karibu na mlango wa binti yake, akisikiliza. Alikuwa amechoka kuogopa, amechoka kabisa.

Yule bwana wa joho akagonga dirisha la msichana mwingine. Ilinca akajifunika mto usoni.

"Zima hiyo," Sanda alisema.

"Mama, ndiyo kwanza inanoga."

"Zima, mwanangu. Nina neno." Ilinca akazima. Sanda akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, usiku ule nililala. Paka alimpanda Marin. Nisamehe."

Bibi alitema ganda la mbegu kiganjani. "Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilijikongoja kukuletea supu, nikawakuta mmelala wote watatu, wewe, yeye na paka. Nikataka kukuamsha. Halafu nikakutazama. Tangu mwanangu aanguke sijapata kukuona umelala mdomo wazi."

"Sasa kwa nini hukumfukuza paka?"

"Angelia, ungeamka."

Ilinca alikuwa ameushika mto, anawatazama kwa zamu.

"Nikaenda nikachukua sindano ya kushonea magunia," bibi aliendelea, polepole, bila mzaha wake wa siku zote. "Nikapenyeza mkono chini ya shati, nikamchoma kitovuni, ikazama yote. Mama yangu alimfanyia baba hivyo hivyo, akatulia. Marin haji popote."

"Wewe mwenyewe, mama? Mwanao?"

"Ulitaka nimwachie nani? Kitovu hicho nilikifunga mimi siku alipozaliwa." Akazamisha mkono ndani ya bakuli la mbegu. "Ng'ombe mpe pumba, ana njaa tu. Na wewe kalale."

Sanda alilia kidogo, kilio cha mtu asiye na nguvu za kulia. Kisha akaegemeza kichwa kwenye kochi, na kabla Ilinca hajamletea blanketi alikuwa ameshalala.

"Niwashe tena?" Ilinca alinong'ona.

"Washa. Ila sauti toa."

Wakaangalia midomo ya watu wakipiga mayowe kimya. Paka akaingia kutoka jikoni, akanyoosha mgongo, akapanda kifuani pa Sanda na kujikunja. Ilinca akanyoosha mkono amtoe.

"Mwache," bibi alisema. "Mama yako yuko hai."