Mishipa ya Fahamu

Kukhu, nyanya yangu, alitoka Malakisi kuja kuniona Kitale, ninakofanya kazi ya nyumbani kwa Mama Wangechi. Siku ya pili, ng'ombe wa Mama Wangechi akampiga teke. Mbavu tatu zikavunjika.

Hospitalini alivuta pumzi ndogo ndogo, na kikohozi kikija alikizuia kwa uchungu. Daktari Muturi alisema makohozi yakibaki ndani, mapafu yataugua, na kwa umri wake huenda asipone.

Kukhu hajui Kiswahili. Daktari aliniuliza, "Nangila, wewe ndiye utamtafsiria? Umesoma?"

"Mpaka darasa la nane," nikasema, macho chini. Niliachia la tano.

Akavuta mashine ya picha karibu na kitanda. "Mwambie shosho wako kwamba mashine hii itanionyesha sindano inapoingia. Dawa itazima mishipa ya fahamu ya mbavu, uchungu uishe, aweze kukohoa. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Fahamu mimi nilijua ni ile mtu hupoteza akizirai. Nikamwambia Kukhu kwa Kibukusu kwamba watamzima fahamu.

"Mimi? Nizimwe kama taa?" akasema. "Na hiyo mashine si ni ya wenye mimba? Waambie mimba yangu ya mwisho ni baba yako. Sitaki sindano!"

Daktari akanisihi nimweleze tena. Nilirudia maneno yale yale. Kukhu akageuza uso ukutani.

Mchana midomo yake ilikuwa imekauka na alikuwa na homa. Nesi Cheptoo alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili: "Mishipa ya fahamu ndiyo hupeleka uchungu kichwani. Tukiizima hapo mbavuni, wewe mwenyewe uko macho, unaongea tu."

Masikio yangu yakawaka moto. Ningeweza kumwita Cheptoo pale pale. Badala yake nilikaa, nikikunja na kukunjua leso, kwa sababu wangejua. Kisha Kukhu akajaribu kukohoa, akashindwa, akanishika mkono kwa nguvu. Nikainuka.

Nilimpata daktari mlangoni. "Ni mimi sikuelewa. Nilimwambia atazirai. Na darasa la nane sikufika."

Cheptoo, aliyekuwa nyuma yangu, akasema, "Ai! Si ungeuliza tu, bana?" Daktari alinieleza upya, polepole, akigusa mbavu zake mwenyewe.

Nilirudi kwa Kukhu nikamwambia yote. Akasema, "Basi, wanichome."

Kwenye kioo cha mashine niliona sindano kama uzi mweupe. Hata nusu saa haikuisha, Kukhu akakaa, akakohoa, akatema makohozi mazito kwenye bakuli nililomshikia. Akakohoa tena.

Halafu akamgeukia jirani wa kitanda cha pili, Mbukusu mwenzetu. "Huyu mtoto! Alitaka kunizima kama taa!" Akacheka kwa sauti, kifua kizima, bila kushika mbavu. Jirani naye akacheka. Nilichukua bakuli nikaenda kulimwaga, ili wasione uso wangu.