Wifi na Somo la Mawimbi

Mwalimu wa fizikia alikuwa na kamba yake ya pamba, nene kama kidole gumba, ambayo haikuwa ya kuanikia nguo wala ya kufungia mizigo. Ilikaa ndani ya mfuko wa kitambaa nyuma ya mlango wa jikoni, na katikati yake alikuwa amefunga utepe mwekundu. Aliyeigusa, hata awe mumewe, alikuwa na la kujibu.

Kila mwaka somo la mawimbi lilianza kwa kamba hiyo. Mwanafunzi mmoja hushika ncha ya kule, mwalimu ya huku, kisha kabla hajaitikisa huuliza: “Nikipiga mkono juu na chini, wimbi litakwenda mpaka kwa mwenzenu. Je, na utepe utafika kwake?”

Darasa zima hujibu utafika. Wanabishana, wanawekeana dau la kalamu. Ndipo hutikisa. Nundu inakimbia juu ya kamba mpaka ncha ya pili, na utepe unapanda, unashuka, unabaki pale pale. Darasa linanyamaza, mpaka mmoja agune, “Aa! Sasa kilichosafiri ni nini?” Hapo ndipo somo linapoanza. Mwalimu aliamini kwamba mtoto asipokosea kwanza kwa kinywa chake mwenyewe hatashangaa, na asiposhangaa atabaki kuimba tu kwamba wimbi hubeba nishati, bila kujua anaimba nini.

Aliyefundishwa mbinu hiyo ni mtu mmoja tu, wifi yake, dada wa mumewe, waliyekuwa wakifundisha naye shule moja. Alipoanza kazi, wifi huyo alikuwa akishika chaki inamdondoka. Mwalimu akawa anamkalisha jikoni, chungu kikitokota, anamwonyesha namna ya kuuliza na namna ya kunyamaza baada ya kuuliza, maana kunyamaza ndiko kugumu.

“Wifi, umenibeba mgongoni kama mtoto,” wifi alizoea kusema, huku akilamba mwiko.

“Shuka basi, mgongo unaniuma,” mwalimu alikuwa akimjibu, wakacheka mpaka mume akachungulia.

Ukaja mwaka ambao mkaguzi alikuwa anatafuta mtu wa kuwafundisha walimu wa sayansi wa shule zote za jirani. Kazi hiyo mwalimu aliitamani tangu ujana wake. Shuleni kwao walipendekezwa wawili, yeye na wifi yake.

“Akipata yeyote, ni nyumba moja,” wifi alisema, na mwalimu akaamini, tena kwa moyo mweupe.

Siku ya kukaguliwa, mkaguzi alikaa nyuma ya darasa na mwalimu mkuu. Wifi naye alikuja, eti kumpa moyo. Mwalimu akaikunjua kamba, akampa mwanafunzi ncha, akauliza swali lake.

“Hautafika!” darasa likaitika kwa sauti moja kama kwaya. “Utapanda na kushuka tu! Wimbi hubeba nishati, halibebi kamba!”

Mwalimu akaishusha kamba. “Mna hakika?”

“Hata ukituamsha usingizini, mwalimu!” mchekeshaji wa darasa akadakia, wenzake wakaangua kicheko.

Mkaguzi hakucheka. “Mwalimu, nilikuja kuona watoto wakifundishwa. Hawa wamekaririshwa. Umenifanyia maigizo?”

“Sijawahi kuwafundisha somo hili, bwana.”

Msichana wa dawati la mbele akainua mkono. “Mwalimu, jana ulipokuwa kikaoni si ulimtuma mwalimu mwenzako? Alikuja na kamba ya katani, akatuambia umemwagiza atuandae.”

Vichwa vyote vikageuka nyuma. Wifi alikuwa akiiweka sawa kola ya blauzi yake, ambayo haikuwa na kasoro yoyote.

“Mimi?” alisema, sauti laini kama mafuta. “Jana nilishinda maktaba nasahihisha. Mtoto huyu amechanganya mambo.”

Msichana akafungua kinywa tena, machozi yakimlengalenga. Mwalimu akakumbuka kwamba kesho yake mtoto huyo angeingia kipindi cha hesabu cha wifi.

“Kaa, mwanangu,” alisema. “Yaishe.”

Na kweli yaliisha, maana kazi alipewa wifi.

Jumapili wifi akaja kula kama kawaida yake. Mwalimu alimpakulia, sahani aliitua mezani bila kumtazama.

“Usininunie, wifi. Nilitaka watoto wajibu vizuri mbele ya mgeni, usiaibike.”

“Na maktaba?”

“Niliogopa tu.”

“Yamepita hayo,” mume akasema huku akimenya chungwa. “Nyie ni ndugu.”

Wifi akavuta kiti karibu, karibu kabisa, kama zamani.

“Wiki hii nawafundisha walimu wenzetu. Swali la utepe ninalo. Sasa yale mawimbi mawili, moja linatoka huku, jingine kule, kwenye kamba moja. Hilo hukunifundisha. Yakikutana inakuwaje?”

“Wewe unaonaje?”

“Si yanagongana, kila moja linarudi lilikotoka?”

Mwalimu alijua kwamba yanapitana, kila moja likaendelea na safari yake kana kwamba halikukutana na kitu. Alimtazama wifi yake usoni kwa mara ya kwanza siku ile. Tangu ashike chaki hakuwahi kusikia jibu la makosa akaliacha lipite.

“Haya,” alisema, akainuka kuosha vyombo.