Jivu, Mchanga na Fulu

Kama kuna kitu Nekoye alichojivunia duniani, mbali na watoto wake watatu, ni sufuria zake. Na alikuwa na sababu. Wiki ile ya kwanza alipoolewa kule Kimilili, mama mkwe wake, Nabututu, alimrudishia sufuria aliyoiosha mbele ya wageni waliokuja kumwona bibi arusi. Aliigeuza juani, akaiinamia, akasema haoni uso wake humo ndani, kisha akaiweka miguuni pa Nekoye. Wageni wakacheka. Tangu siku hiyo Nekoye alisugua. Alisugua kwa jivu, mchanga na gunzi la mahindi mpaka alumini ikawaka. Hata alipohamia Kisumu na mumewe Simiyu, aliyepata kazi ya reli, majirani walikuwa wakipita kwake na kufumba macho kwa jinsi vyombo vilivyong'aa juani. Nabututu naye akija kutembea, kabla hata hajanywa maji, alikuwa akiinua sufuria moja na kujitazama. Hakusema kitu. Kwa mama yule, kutosema kitu ndiyo sifa yenyewe.

Sasa mwanamke kama huyo ukimpa kazi ya usafi mahali pa utafiti, wewe unatarajia nini?

Mahali penyewe palikuwa stoo ya zamani karibu na gati, ambayo chuo kikuu kiliikodi mwaka wa sabini na mbili kwa ajili ya wanafunzi wawili wa shahada za juu. Stoo ilikuwa moja, basi ikakatwa katikati kwa pazia la maua. Upande wa dirishani alikaa Dalmas Obiero, kijana wa Katito, mrefu, miwani yake imefungwa kwa waya, akichunguza rangi za samaki. Upande wa mlangoni alikaa Agneta Aoko, binti wa Asembo, akichunguza mapambo ya vyuma: bangili, vikuku, masinia, masanduku ya bati yenye maua ya kupigwa kwa nyundo, kila kitu ambacho fundi alikataa kukiacha kitupu. Wawili hao walitaniana kutwa nzima. Dalmas alidai kwamba Agneta anasomea vyombo vya jikoni. Agneta alijibu kwamba afadhali vyombo, havinuki.

Nekoye alifagia pande zote mbili. Wao walimwita Mama Wafula kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye alimwita Dalmas "Daktari", ingawa udaktari wenyewe bado, na Dalmas hakuwahi kumkosoa hata siku moja.

Kazi ya Daktari ilikuwa hivi. Alikuwa na sufuria kubwa sita, kuukuu, zilizonunuliwa kutoka hoteli moja ya stendi, ndani zimeshika weusi wa miaka ya kupika maharagwe. Katika kila sufuria alitia maji ya ziwa na fulu mmoja, mmoja wa wale samaki wadogo, madume wakiwa na wekundu kifuani, ambao watu wa huku huwakausha wakawala na ugali. Sufuria tatu aliziacha na maji matupu. Tatu nyingine alizitia maji ya majani fulani ambayo nyanya yake, kule Katito, alikuwa akiwapaka watu wenye madoa ya ngozi. Na fulu wa maji ya majani walipauka! Walikuwa weusi kama wenzao, wakawa weupe kama unga. Dalmas alichomoa gamba, akaliweka chini ya hadubini, akamwita Nekoye achungulie. Nekoye akaona vidoa vyeusi vimejikusanya katikati ya kila chembe, kama watu wanaoota moto asubuhi ya baridi. Kwa fulu wa maji matupu, vidoa hivyo vilikuwa vimetawanyika kila upande. Dalmas akamweleza kwamba samaki hapotezi rangi, anaikunja tu, na kwamba majani ya nyanya yake ndiyo yanayoikunja. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeona mbingu ikifunguka.

Miaka miwili alipima, akaandika, akapima tena. Na sasa profesa wake alikuwa anakuja Ijumaa kutoka Nairobi. Akiridhika, utafiti utaongezwa miaka mitatu, na Nekoye, ambaye alikuwa kibarua wa mwezi kwa mwezi, ataandikwa kazi ya kudumu. Barua yake ilikuwa tayari imepigwa chapa, iko chini ya jiwe mezani, inangoja sahihi tu. Simiyu alikuwa ameshawatangazia watu wa reli wote. Nabututu naye alituma neno kutoka Kimilili kwamba wiki ijayo anakuja kuiona hiyo ofisi ya mke wa mwanawe.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Dalmas alikuwa ameenda posta na shughuli nyingine za mjini, Agneta yuko Kibuye kwa mafundi, na wote wawili hawangerudi mpaka kesho. Nekoye akakuta sufuria moja ya maji matupu imetoboka, maji yanachuruzika sakafuni na fulu wa humo anatapatapa. Akatazama huku na huku. Chombo kilichokuwa karibu ni bakuli la Agneta, lile kubwa ambalo Agneta alikuwa ameliandikia kurasa arobaini na kulipiga picha kila upande. Lilikuwa kazi ya fundi Waliaula wa Kibuye. Mzee huyo alikuwa na ufundi wake: alipaka alumini mafuta, akaichoma motoni mpaka ikawa nyeusi kama masizi, kisha akasugua nusu yake tu kwa mchanga, kwa mistari ya kona kona, ili nusu ing'ae na nusu ibaki nyeusi. Nekoye, kusema kweli, hakulipenda. Kila alipolifuta vumbi, mkono ulimwasha amalizie ile nusu ambayo kwake yeye ilikuwa uvivu mtupu wa fundi.

Akamimina maji, akamtia fulu, akaenda kukausha sakafu.

Aliporudi, fulu alikuwa ametulia upande mweusi, naye mweusi vilevile. Nekoye akatia kidole majini kumjaribu kama yu mzima. Fulu akakimbilia upande unaong'aa, akakaa huko. Nekoye akakamua tambara lake. Akafagia kona. Akageuka, na lo, samaki amepauka.

Akamfukuza arudi upande mweusi. Akakamua tambara, akafagia kona ambayo tayari ilikuwa safi, akarudi. Samaki mweusi. Akamfukuza tena. Mweupe. Hapo akaketi chini kwenye sakafu mbichi. Fulu yule alitoka kwenye maji matupu. Hakuwahi kuonja jani la nyanya ya mtu yeyote.

Kumbe! Maji ya majani yalikuwa yakiacha ukoko wa kijani kwenye sufuria, na kila asubuhi, wakati Daktari akiwahamisha samaki kwenye ndoo apate kubadilisha maji, Nekoye alikuwa akizichukua sufuria zile tatu nje na kuzisugua kwa jivu na mchanga mpaka ajione meno. Za maji matupu hazikuwa na ukoko. Hizo alizisuuza tu. Miaka miwili! Tatu zinawaka kama kioo, tatu nyeusi kama zilivyotoka hotelini, na hakuna mtu aliyewahi kufikiri kwamba samaki naye ana macho, anatazama alipokaa.

Ukimuuliza Nekoye leo atakwambia kwamba hakufikiria kunyamaza. Usimwamini. Alifikiria Jumanne nzima, na usiku aligeuka kitandani mpaka Simiyu akauliza kama ni kunguni. Akinyamaza, Ijumaa itapita, barua itatiwa sahihi, mama mkwe atakuta mtu wa ofisi. Akisema, Daktari hana udaktari, na yeye hana hata kibarua. Na nani angejua? Sufuria haisemi. Lakini kila alipofumba macho alimwona Dalmas akiinamia hadubini yake kwa furaha ile, na roho ikamuuma. Kijana wa watu alikuwa anaenda kusimama mbele ya wakubwa na kuwaeleza habari ya jivu lake yeye Nekoye akidhani ni habari ya nyanya yake.

Jumatano asubuhi akamngoja mlangoni, akamwongoza mpaka kwenye bakuli, akamfukuza fulu huku na huku, mara tatu, bila kueleza. Dalmas alitazama. Mara ya tatu akavua miwani.

"Daktari," Nekoye akasema, "majani hayafanyi kitu. Dawa ni mkono wangu. Zile tatu mimi huzisugua."

Dalmas hakumfokea. Ingekuwa nafuu angemfokea. Aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaangalia sufuria zake sita kama mtu anayewatazama watu wa nyumbani na kugundua kwamba ni wageni kwake. Kisha akauliza, polepole, ni kila siku? Nekoye akajibu kila siku, isipokuwa Jumapili. Dalmas akatikisa kichwa. Katika madaftari yake Jumatatu samaki wa maji ya majani walikuwa daima na weusi kidogo, na yeye alikuwa ameandika kurasa sita kueleza ni kwa nini.

Pazia likasogea, Agneta akatoka. Nekoye alidhani atacheka, maana siku ya kumcheka Dalmas ilikuwa imejileta yenyewe. Lakini Agneta alivuta ndoo ya pili, akaketi kando yake, akamwambia kwamba hata yeye alikaa mwaka mzima akiandika kuwa nusu nyeusi ya bakuli ni kazi isiyokamilika, mpaka Mzee Waliaula alipomuuliza kwani nyeupe ingeonekanaje bila nyeusi. Alichana kurasa zote akaanza upya. Kisha akaongeza kwamba wana siku mbili.

Wakafanya kazi, nyie, wote watatu. Nekoye alisugua zile za maji matupu, mara hii kwa amri. Zile nyingine zilipakwa mafuta na kuchomwa kwa mtindo wa Waliaula, Agneta akisimamia kama mwenye karakana, mikono imejaa masizi. Sufuria iliyotoboka ilizibwa. Kufika Alhamisi jioni jibu lilikuwa wazi hata kwa kipofu: fulu wa maji ya majani walikuwa weusi tititi, na fulu wa maji matupu weupe. Dalmas aliandika hayo yote kwa mwandiko wake mzuri, ukurasa mmoja, na juu yake akaweka jiwe. Jiwe hilo alilitoa juu ya barua ya Nekoye. Nekoye aliona, akageukia dirisha.

Profesa akaja Ijumaa, mzee mnene wa tai, anapumua kwa nguvu kwa sababu ya joto. Dalmas akasimama na kueleza yote bila kujificha popote. Profesa akasikiliza mpaka mwisho, uso kama ukuta. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akatafuta leso, akasema amesimamia wanafunzi miaka ishirini na hajawahi kuona mtu akichunguza usafi wa jikoni kwa hadubini. Hata Dalmas, masikini, ilimbidi atabasamu. Lakini profesa alipomaliza kupangusa macho, alisema jambo la samaki kufuata rangi ya mahali alipo ni la zamani, vitabu vinalo. Hakuna jipya hapo. Akaanza kufunga mkoba.

Nekoye alikuwa pembeni na ufagio wake. Hakuitwa, hakuulizwa. Lakini alikuwa amewatazama samaki wale kwa siku tatu kama mtu anayetazama uji usifurike.

"Mzee," akasema, "na ile nyekundu ya kifuani? Nyeusi inaondoka. Nyekundu haiondoki."

Profesa akauweka mkoba chini. Dalmas alikuwa ameshafika kwenye hadubini. Alichomoa gamba la kifua la dume mmoja, akatazama, akampisha profesa. Chembe nyeusi zilikuwa zimejikunja zote. Chembe nyekundu, kando yao, zilikuwa zimetandaza rangi yake kana kwamba hazikusikia chochote. Profesa akauliza kwa nini. Dalmas akajibu hajui, na Nekoye aliona jinsi alivyojibu, kama mtoto aliyepewa sukari.

"Basi una kazi ya miaka mitatu," profesa akasema. Akavuta barua ya Nekoye, akaisoma, akatoa kalamu na kufuta neno "mfagiaji". Juu yake akaandika "msaidizi wa utafiti", ndipo akatia sahihi. Akamwambia sharti ni moja tu: asiguse sufuria nyeusi kwa jivu maisha yake yote. Nekoye alijibu ndiyo, Mzee, kisha akaenda nyuma ya stoo akalia kidogo, kwa raha zake.

Nabututu akafika Jumatano iliyofuata, amejifunga leso yake nzuri, kuku chini ya kwapa. Dalmas akamsalimia kwa heshima, Agneta akampa kiti, akaonyeshwa pazia, bakuli, hadubini. Hakuna kilichomshughulisha. Macho yake yalikuwa yameshaziona sufuria tatu nyeusi dirishani. Akazifuata moja kwa moja, akaiinamia ya kwanza, akatafuta uso wake. Hakuuona. Akamgeukia mke wa mwanawe mbele ya watu wote wale, na Nekoye akajikuta tena Kimilili, bibi arusi. Nabututu alimkabidhi Agneta kuku, akakunja mikono ya gauni, akauliza jivu liko wapi.

Nekoye akamshika mkono. Miaka kumi na minne, hakuwahi kumshika mkono.

"Ziache, Mama," akasema. "Hizo nimeziacha mimi. Ndiyo kazi yangu."

Nabututu alimtazama sana. Halafu akatazama sufuria, akatazama fulu aliyejificha vizuri kwenye weusi wake, akamtazama tena Nekoye. Akashusha mikono ya gauni, mmoja baada ya mwingine, akaketi.

Na hakusema kitu.