Macho ya Mayu Limi

Kuku alipasuliwa Jumatatu, na kufikia Jumatano kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kumhukumu bibi kizee ambaye hakuwahi hata kumfukuza kuku huyo uani kwake.

Maganga alikuwa amefiwa na mtoto. Homa kali, degedege, kaburi. Uchungu wa mwana haukosi wa kusingiziwa. Maganga akamfunga kuku miguu, akampeleka kwa mganga mmoja ng'ambo ya Tinde, asomaye matumbo. Mganga akapasua, akachungulia, akatamka kwamba mchawi ni jirani, mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Basi, kesi imekwisha! Kuku aliyekuwa akidonoa pumba jana, leo ndiye shahidi na ndiye hakimu.

Jirani huyo alikuwa Limi, mama mkwe wa Mektilda, ambaye wengi walimwita mayu, yaani mama.

Mektilda alizipata habari kwenye ghala la pamba, mahali wanawake walipokutana kila alasiri kwa ajili ya kisomo cha watu wazima. Alipoingia, maneno yalikatika. Generoza, rafiki yake, akamvuta kando.

"Mama Klara, Jumamosi kuna mkutano. Mayu wako anafukuzwa. Na asipoondoka, unajua mwenyewe."

Mektilda alijua. Mwaka uliotangulia, kijiji cha pili, ajuza mmoja mwenye macho mekundu alikutwa shambani amekatwa mapanga, na kila aliyeulizwa alikuwa hajaona wala kusikia. Mumewe Mektilda, Pantaleo, alikuwa kazini kwenye mgodi wa Mwadui na hurudi mwisho wa mwezi tu. Nyumbani walikuwa wanawake wawili na Klara, mtoto wa miaka miwili.

Siku hiyo walisoma kitabu cha afya. Kilikuwa kipya, ingawa kilifika kijijini tangu zamani. Mwenyekiti wa kijiji, Stanslaus, alikuwa amekifungia kabatini pamoja na vitabu vingine, akisema mali ya serikali isichafuliwe na mikono yenye masizi. Yeye mwenyewe alijua kusoma vizuri sana. Mwalimu alimbembeleza mpaka akachoka, ndipo vikatolewa.

Zamu ya Mektilda ikafika. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma neno kwa neno. Moshi wa kuni na wa samadi huumiza macho. Mwanamke akipika miaka mingi katika jiko lisilo na dirisha, macho yake huwa mekundu. Akakirudisha kidole mwanzo wa mstari. Akarudia, na safari hii si kwa sababu maneno yalikuwa magumu. Akainua uso, akawatazama wanawake wenzake, mmoja baada ya mwingine, na jinsi umri wao ulivyozidi ndivyo macho yao yalivyozidi kuwa mekundu. Kifua kikamjaa hasira. Watu wamechinjwa kama mbuzi, na neno hili lilikuwa kabatini, limefungiwa lisichafuke!

Jumamosi watu wakajaa mbele ya ghala. Maganga alisema huku akilia, na waliomsikiliza wakalia naye. Stanslaus akamgeukia Limi.

"Bibi, una la kujitetea?"

Limi aliinamisha kichwa, khanga imemfunika hadi puani. Hakujibu. Minong'ono ikaanza: ona, hata kukana hakani. Mektilda naye alishangaa, kwa nini mayu hasemi japo neno moja? Akasimama, akatoa kitabu, akasoma kwa sauti ukurasa wote.

Stanslaus akacheka.

"Mama Klara, hongera, umejua kusoma. Sasa nijibu. Sisi wanaume kila jioni tuko kwenye shikome, tunaota moto mpaka usingizi utushike. Mbona macho yetu ni meupe?"

Wanaume wakapiga makofi. Kweli bwana! Shikome, ule moto wa uani wanaume wanapokutana jioni, mbona haujamtia mtu wekundu machoni?

"Shikome lina paa?" Mektilda akauliza. "Lina kuta? Moshi ukikufuata, Mwenyekiti, unahamisha kigoda. Mimi nikiwa jikoni nihamie wapi? Njoo ukae jikoni kwa mayu mpaka ugali uive. Na baba Maganga naye aje."

"Mwanamume mzima aingie jikoni?"

"Anaogopa!" Generoza akapaza sauti. Darasa zima la kisomo likainuka, likapiga vigelegele vya kejeli. Stanslaus akatazama huku na huku, akaona aibu ya kwenda ni ndogo kuliko ya kukataa.

Jiko la Limi, lisilo na dirisha, lilikuwa hatua chache tu kutoka ghalani. Mektilda akawasha moto wa samadi na miti ya pamba, vile vile kama kila siku, hakuongeza wala hakupunguza. Akateleka maji, akarudisha mlango. Maji hayajachemka, Stanslaus akatoka mbio, anakohoa, kamasi zinamchuruzika. Maganga alibaki. Alibaki mpaka ugali ukasongwa, kwa maana yeye alikuwa amefiwa, alitaka kujua.

Alipotoka, macho yake yalikuwa kama pilipili mbivu.

"Haya," Mektilda akawaambia watu, "huyu naye kamroga nani?"

Maganga hakumsikia. Alikuwa akimtazama mkewe aliyesimama kati ya wanawake, macho yake ni mekundu vile vile. Akaketi chini kwenye vumbi, akamlilia mwanawe upya, sasa bila mtu wa kumlaumu.

Watu wakatawanyika. Hakuna aliyemwomba Limi radhi, hata mmoja! Stanslaus akanyoosha mkono.

"Kitabu kirudi kabatini."

"Njoo ukichukue jikoni," Mektilda akamjibu, akaondoka nacho.

Nyumbani, Limi akaomba asomewe tena. Akasomewa.

"Kinasema ni wanawake wengi?"

"Wengi, mayu. Wote wanaopika."

Limi akaweka kiganja juu ya ukurasa.

"Kabla ya Pantaleo nilizaa wawili, wakafa. Mama mkwe wangu aliniambia ni macho yangu. Nami nikaamini. Aliyefuata ni Pantaleo, sikumtazama usoni mpaka alipoota ndevu."

Mektilda akamgeukia Klara. Tangu Klara azaliwe, bibi yake alimbeba mgongoni tu, hakumpakata hata siku moja, na uji alimnywesha ameuelekeza uso ukutani. Mektilda aliona ni dharau, kwamba mkwe alitaka mjukuu wa kiume. Na leo, mbele ya watu, mayu hakujitetea kwa sababu hakuwa na hakika kama ni mwongo Maganga au ni mwongo yeye.

Akamtwaa Klara, akamweka mapajani kwa bibi yake, uso kwa uso. Kisha akatoka nje. Nani atamrudishia mama huyu miaka hiyo? Mganga? Mwenyekiti? Au yule kuku? Akachukua mtaimbo, akaenda kwenye ukuta wa jiko, akaanza kutoboa dirisha, anapiga na kupiga, udongo ukimrukia kifuani.

Alipopumzika kidogo, akasikia sauti ya mayu kutoka ndani, nyembamba, ya mtu anayestaajabu.

"Kumbe ana kidoti shavuni."

Kijiji kizima kilikuwa kinakijua kidoti hicho. Mektilda akaushika mtaimbo, akapiga tena.