Kivuli cha Mkwe

Waliokata miti ya barabara ya kliniki walisema wanapanua lami. Haya, wapanue! Lakini zamani ungetembea hadi steji bila jua kukugusa utosi, na Mama angepumzika chini ya mti wake, mume wangu chini ya wake, kila mtu na heshima yake. Sasa umebaki mti mmoja tu, na siku hiyo Osundwa, mume wangu, alikuwa amekaa chini yake akitungoja.

Mama alipomwona akasimama palepale juani. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani, hawapeani mkono, hata kivuli cha mmoja hakimgusi mwenzake. Tangu niolewe, Mama hakuwa amewahi kumsemesha.

"Mama, twende kivulini. Daktari amesema presha iko juu."

"Mwache mkwe apumzike. Mimi nitangoja hapa."

"Utangoja nini? Uanguke?"

Ilikuwa saa tisa, na lami ilinichoma kupitia ndara. Osundwa alipotuona aliruka akakimbilia ng'ambo ili Mama apate nafasi. Mama akapiga hatua moja, akaanguka.

Woi! Nilimvuta, wapi! Mama ni mzito, hakusogea hata kidogo.

"Osundwa! Kuja tumbebe!"

Alirudi mbio, kisha akasita kando yetu. "Muhonja, huyu ni mkwe wangu. Nitamshikaje?"

"Asinishike," Mama akanong'ona, macho amefumba.

"Na ukifa? Heshima itakufufua? Nyinyi wawili mtaniua!" Nilikuwa nalia kwa hasira.

Osundwa alizunguka upande wa jua, akampa Mama mgongo, akavua koti na kulitanua juu ya kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili. Kivuli kikamfunika Mama uso na kifua. Nikammwagia maji ya chupa shingoni, nikampepea kwa leso. Alipumua kwa shida, midomo imekauka, nami niliogopa sana. Osundwa alikodoa macho juani, jasho likimtiririka, asigeuke hata mara moja.

Kisha akashtuka. "Muhonja, kivuli changu kimemgusa?"

Niliendelea kumpepea Mama. Osundwa akaanza kujivuta pembeni kwa aibu, na jua likarudi usoni mwa Mama.

Aliyemjibu hakuwa mimi.

"Mkwe," Mama alisema, "simama hapo hapo."